Kabla hujanunua chensoo, nunua tupa

Chensoo yangu ya kwanza, yaani msumeno wa cheni unaoendeshwa kwa petroli, niliipokea kivukoni Kamanga, Mwanza, mwezi Machi 2014, ikiwa ndani ya mfuko wa sulfeti uliolowa oili hadi maandishi yake hayasomeki. Aliyeniuzia alikuwa mzee mpasua mbao kutoka Mufindi. Alikuwa amemaliza kazi ya mipaini kwenye shamba la miti la Buhindi, upande ule wa Sengerema, na hakutaka kupanda basi la kurudi kwao akiwa amepakata chuma cha zaidi ya kilo kumi. Nilimhesabia laki sita na nusu: hela ya msimu mmoja mzuri wa dagaa, na ndani yake akiba ya mke wangu. Akazihesabu mara mbili, akaingiza mkono kwenye koti, akanipa kitu kirefu kilichoviringishwa gazeti.

"Chukua na hii, mwanangu. Bila hii umenunua chuma chakavu."

Ilikuwa tupa ya duara, chuma cha kunolea, nyembamba kuliko penseli, imechomekwa gunzi la hindi kuwa mpini. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani Kayenze nikaitupia kwenye boksi la misumari, na humo ilikaa miezi mitatu.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu vijana wawili wamenifuata kuniuliza wanunue chensoo gani. Wameuliza ukubwa wa injini, wameuliza bei, wameuliza inakunywa petroli kiasi gani. Hakuna aliyeuliza atainoa na nini. Mimi pia sikuuliza, na nilichovuna kwa kutouliza kiko kwenye paja langu la kushoto mpaka leo.

Baba yangu ni fundi mitumbwi. Nimekulia kwenye maranda, na najua kazi ya mbao ilivyokuwa kabla ya mashine kufika kwetu. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa la miti, mtu mmoja akasimama juu, mwenzake chini, wakavutana na msumeno mrefu kutwa nzima, na jioni yule wa chini alitoka macho mekundu kwa unga wa mbao. Wiki iliweza kuishia kwenye gogo moja. Kwa hiyo siku niliyoivuta kamba ya ile mashine nyuma ya nyumba na ikanguruma, watoto wa mtaa mzima walikuja, na mkaratusi wenye unene wa debe ulilala chini kabla chai haijapoa. Nilisoma baadaye kwamba Mjerumani Andreas Stihl alipotoa msumeno wake wa kwanza wa petroli mwaka 1929, ulikuwa na kilo 46 na ulishikwa na watu wawili. Mimi nilikuwa na wa kwangu mikononi, peke yangu. Nilijiona nimeshafika.

Kazi zilikuja haraka. Igombe, Sangabuye, Bugogwa, hadi kule Kisesa. Nguzo za mikaratusi, kuni za wachoma samaki, magogo ya kupasua mbao za mitumbwi. Wiki mbili za kwanza mashine ilikuwa inazama yenyewe kwenye mti kama kisu kwenye papai. Wiki ya tatu nikaanza kuisukuma. Wiki ya tano nilikuwa naikandamiza kwa uzito wa mwili wote, nimeegemea mpini, mabega yanauma hadi usingizini. Moshi ulitoka kwenye mkato. Mkato wenyewe ulipinda kulia, hata nilipojitahidi kuunyoosha. Ukingo wa bapa, yaani lile chuma refu linalobeba cheni, uligeuka rangi ya samawati kwa joto.

Nikaamua mashine imechoka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akabadilisha plagi, akafungua kabureta, akaweka ringi mpya, akanitoza. Ikarudi inanguruma vizuri kuliko mwanzo, na kwenye mti ikawa vile vile.

Baba ndiye aliyeliona tatizo, na hajawahi kushika chensoo maishani mwake. Alikuja asubuhi moja nilikokuwa nakata mwembe uliokauka, akakaa kwenye kisiki, akanitazama muda mrefu. Kisha akanipungia mkono nizime.

"Huu mti unaukata au unausugua?"

Nikamwambia, "Baba, mashine imechoka." Hakujibu. Aliinama, akachota yale yaliyokuwa yanatoka kwenye mkato, akayafikicha kati ya vidole. Yalikuwa unga. Unga laini kabisa, kama wa muhogo. Akaniambia nimsogezee cheni. Akaweka ukucha wa dole gumba kwenye jino moja na kuusukuma, ukateleza. Akachukua tezo yake begani, ile anayochongea mataruma, akaweka ukucha ule ule kwenye makali yake. Ukanasa. Ukucha haukwenda popote.

"Hii ina makali," akasema. "Hiyo yako ina mwendo tu."

Jioni ile nikampigia simu mzee wa Mufindi. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Tupa iko wapi?" Nilipoitoa kwenye misumari ilikuwa imeshika kutu na meno yake yamesagika. Kesho yake nikapanda daladala kwenda mjini kununua nyingine, na usiku huo, simu ikiwa sikioni na taa ya sola mezani, nikaanza kujifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Naomba ukae na mimi hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukiitazama cheni kwa karibu utaona meno yamepangwa kwa zamu: moja limeelekea kulia, linalofuata kushoto, hadi mwisho. Kila jino lina sehemu mbili. Nyuma kuna kipande kilichokunjwa kama kiganja kinachochota maji, na ukingo wake wa mbele ndio unaokata. Mbele yake kuna kinundu kifupi, na hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Ubunifu huu haukutoka mbali na tunachokiona kila siku. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, alimtazama funza wa mende atoboaye magogo akila kisiki. Akaona hajali uzi wa mbao umeelekea wapi. Anatafuna upande huu, kisha upande ule. Cox akatengeneza cheni yenye meno yanayofanya kama taya zile, na mwaka uliofuata akaanza kuiuza. Pasua gogo la zamani la mwembe utawakuta funza wa namna hiyo, weupe, wanono. Mimi kila nikiwaona huwa nasimama kuwaangalia.

Sasa kunoa. Kwanza tupa iwe saizi ya cheni yako. Mashine ndogo nyingi zinazouzwa sasa zina cheni ya .325 (kipimo cha viungo vyake kwa inchi), na hiyo inataka tupa ya milimita 4.8. Cheni ya kawaida ya inchi tatu kwa nane inataka milimita 5.2, na ile ya .404 ya mashine kubwa za kupasulia inataka 5.5. Soma kwenye boksi la cheni, usimwachie muuza duka akukadirie. Kaza bapa kwenye kisiki au kwenye jiriwa lisitikisike. Tafuta jino fupi kuliko yote na uanze nalo, kwa sababu mengine yote yatalifuata urefu. Tupa iingie kwenye kile kiganja, ilale sawa, sehemu ya tano ya unene wake ichungulie juu ya jino. Pembe ni nyuzi 30 kwa kukata mti kwa kuukingama. Meno mengi yana mstari mdogo juu unaokuonyesha. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, mara mbili au tatu, kwa nguvu ile ile, na ukirudisha inyanyue. Usisugue kwenda na kurudi kama unayekata chuma. Unaua tupa na jino kwa pamoja. Ruka jino linalofuata, kwa kuwa ni la upande mwingine. Ukimaliza upande mmoja, geuka.

Idadi ya misukumo iwe sawa kwa kila jino. Mzee wa Mufindi alinisisitizia hili hadi nikachoka kulisikia: "Hesabu, mwanangu. Hesabu kwa sauti." Mkato wangu ulikuwa unapinda kulia kwa sababu meno ya upande mmoja yalikuwa yamechoka kuliko ya upande wa pili. Na kila baada ya kunoa mara nne au tano, chukua tupa bapa ukipunguze kile kinundu, kidogo mno, kiwe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukikisahau, jino litakuwa na makali lakini halifiki kwenye mbao. Ukikipunguza kupita kiasi, mashine itang'ata vipande vikubwa na kukurukia.

Kwa wanaopasua mbao, yaani kukata kwa kufuata uzi, pembe inateremshwa hadi kama nyuzi 10. Nina cheni mbili tofauti kwa ajili hiyo, kila moja na kopo lake.

Utajuaje umepatia? Achana na sauti ya injini, tazama kinachotoka. Cheni iliyonolewa vizuri ikikingama mti inatupa vipande vinavyoonekana, vina kingo, unaweza kuvihesabu kwenye kiganja. Ukiona unga, zima. Usiseme "nimalizie huu kwanza."

Huku kwetu cheni inaisha makali haraka kuliko mtu wa Mufindi anavyoweza kuamini, na sababu ni mawe. Mwanza mti unaota ukiwa umelikumbatia jiwe. Unakata chini karibu na shina, cheche zinaruka, na sekunde moja hiyo imekula jino lote ulilonoa asubuhi. Ufukweni nako kuna mchanga ulioingia kwenye magamba. Mimi huyachonga magamba kwa panga mahali nitakapopitisha cheni, duara zima. Halafu kuna misumari. Mti uliosimama karibu na mwalo haujawahi kuachwa salama: watu wametundikia nyavu, wametundikia karabai, wamefunga waya za kuanikia, na miaka ishirini baadaye mti umeufunika msumari wote ukawa haupo machoni. Tafuta alama nyeusi kwenye gome au mahali palipovimba. Uliza mwenye mti. Bibi mmoja wa Igombe aliniambia kwa uhakika kabisa misumari mitatu iko wapi, kwa sababu mumewe ndiye aliyeipigilia.

Ninanoa kila ninapojaza tangi. Dakika kumi, na ni mapumziko pia.

Upande wa mafuta nitasema kwa kifupi, ingawa ulinigharimu sana. Injini hizi hazina oili yake ya ndani. Oili inakuja na petroli. Ukitumia oili ya kawaida ya tu-stroki, weka mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Ukitumia ile maalumu ya watengenezaji inayosema 1:50, weka 20. Tikisa kabla ya kumimina. Usiweke mchanganyiko zaidi ya mwezi. Mimi nilimuazima shemeji yangu mashine siku ya Jumamosi, na dumu langu likaisha akiwa kazini. Akatuma mtoto anunue petroli ya chupa barabarani, akamimina hivyo hivyo. Haikumaliza nusu saa. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu kama imeparuliwa na chui, na matengenezo yalikula karibu nusu ya bei niliyonunulia. Shemeji aliumia kuliko mimi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumwambia. Sasa dumu langu limeandikwa kwa rangi nyekundu, na mashine haitoki nyumbani bila mimi.

Oili ya kulainisha cheni ni jambo lingine. Wengi wanamimina oili chafu iliyotolewa kwenye magari, kwa kuwa ni ya bure. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Ina chembe za chuma zinazokula bapa na pampu, inakaa kwenye ngozi yako kutwa, na yote inayodondoka, kwa sisi tunaokata kandokando ya ziwa, mvua ikinyesha inaishia kwenye maji tunayochota. Nunua oili safi namba 40, hata kama ni ya bei ndogo. Na ukimaliza kazi legeza cheni, kwa sababu ikipoa inajikaza na kuvuta shafti.

Nilisema kuhusu paja. Ilikuwa Agosti 2015, Igombe, mjohoro mkubwa ulioangushwa na upepo. Ulikuwa umeshalala chini, nilikuwa napunguza matawi tu, kazi ambayo kila mtu anaiona nyepesi. Kwenye saa nne asubuhi nilishaona unga. Nilishajua kunoa wakati huo, tupa ilikuwa kwenye mfuko wa suruali, na nikajisemea nimalizie upande huu. Kufikia saa sita mikono ilikuwa inatetemeka kwa kukandamiza. Nikapitisha mashine kati ya matawi mawili, ncha ya bapa ikagusa tawi la tatu nisiloliona, lililofichwa na majani.

Hakuna muda wa kufikiri. Ile robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu, meno hayakati, yanapanda, na bapa zima linarushwa juu na nyuma kukufuata. Mikono iliyochoka haikuweza kuizuia. Ilipita karibu na shavu, nikaisukuma chini kwa woga, ikashuka kwenye paja juu kidogo ya goti. Sikusikia maumivu, nilisikia joto. Suruali ya jinzi ilikuwa imechanwa kama karatasi. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa kwenye chanja alikuja mbio, akavua kanga ya pili, akaifunga juu ya jeraha akikaza kwa meno, akawa anarudia, "Nitazame mimi, baba, usitazame chini." Bodaboda ikanipeleka kituo cha afya. Nyuzi kumi na moja. Mganga aliniambia jeraha lingeingia ndani kidogo tu zaidi lingefika kwenye mshipa mkubwa.

Nilirudi kazini baada ya wiki saba, na nikabadilisha mambo. Mashine ile ya zamani haikuwa na breki ya cheni. Unayonunua wewe lazima iwe nayo: ile kinga ya plastiki mbele ya mkono wa kushoto, ambayo ikisukumwa mbele cheni inasimama. Ijaribu dukani, usikubali kuambiwa ipo. Shika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, dole gumba likizunguka chini, siyo kulazwa juu. Usisimame sawia na bapa, simama kando kidogo. Usikate kitu chochote juu ya usawa wa mabega. Suruali ya kazi yenye nyuzi za ndani zinazoisimamisha cheni ni ghali na ni nadra huku, lakini niliagiza, na kila ninapoivaa kwenye jua la Januari nakumbuka ile kanga. Masikio nayo uyafunike. Mashine hizi zinapiga kelele zaidi ya desibeli 100, na najua wapasua mbao wa umri wangu ambao ukiwasalimia "mwangaluka" wanakuomba urudie.

Kuhusu kuangusha mti wenyewe, kuna mengi, na mengine hayafundishiki kwa maandishi. Tafuta mtu mwenye uzoefu usimame naye miti ishirini. Ila haya yashike. Hakuna mtu asimame ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Safisha njia yako ya kukimbilia, kwa mshazari nyuma, kabla hujawasha. Kata mdomo, yaani pengo lenye umbo la kabari, upande unaotaka mti uangukie, usizidi robo ya unene. Kisha kata kwa nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, na uache bawaba: ule ukanda wa mbao usiokatwa katikati. Mti wa sentimita 40, acha kama sentimita 4. Bawaba ndiyo inayoushika mti na kuulaza unakotaka. Wengi wanaikata yote kwa haraka, mti unageuka kwenye kisiki na kwenda unakotaka wenyewe. Piga kabari mapema. Kabari za mti mgumu unazochonga mwenyewe zinatosha, za chuma zitakumalizia cheni.

Mkaratusi ulioegemea sana mbele uuogope. Uzi wake umenyooka, na ukiukata kwa nyuma huku uzito wote uko mbele, gogo linaweza kupasuka wima hadi juu ya kichwa chako na ile nusu ya nyuma ikarushwa. Nimeuona mmoja ukifanya hivyo pale Sangabuye. Aliyekuwa anaukata alikuwa amesimama pembeni kwa bahati tu.

Na miti iliyokufa ikiwa imesimama. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa, miti mingi ya ufukweni ilisimama kwenye maji kwa miezi, mizizi ikaoza, ikakauka. Maji yalipopungua watu waliniita kila mahali. Mti mkavu hautoi onyo. Mtikisiko wa mashine kwenye shina unatosha kuliachia tawi lililo mita kumi juu. Kila sekunde chache inua macho. Mimi huweka mtu wa kutazama juu tu, na ishara yetu ni kunigusa mgongo kwa fimbo ndefu, maana kwa kelele hatasikika.

Kuna kazi moja niliyoikataa na sijajuta. Mama mmoja wa Igogo, nyumba yake iko mlimani kati ya mawe mawili makubwa, na juu ya bati lake umelala mkuyu. Chini yake nyumba nyingine, na nyingine. Alikuwa ameshakusanya hela, ameitandika mezani. Nikamwambia, "Mayu, mti huu siuwezi. Unahitaji watu wa kupanda na kamba, waushushe kipande kwa kipande." Alihuzunika, akadhani nataka kuongezwa. Nilimtafutia watu wa kamba, na walichukua siku tatu. Ukiwa na mashine mpya, mkono unawasha kukubali kila kazi. Mti ulio juu ya nyumba ya mtu usiwe shule yako.

Karatasi nazo. Nenda ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kuanza biashara, uulize unatakiwa kuwa na nini. Kibali cha kuvuna kiwepo, na mbao zikisafiri ziwe na hati ya kusafirishia. Mvule na mninga ni miti iliyohifadhiwa kisheria. Mtu akikuita usiku kuukata, tayari ameshakwambia kila kitu.

Basi, mashine gani? Kama unakata kuni na kupunguza matawi, ndogo yenye injini ya cc 50 hivi inatosha. Kama unapasua mbao za mitumbwi kila siku, utahitaji kubwa, na mgongo wa kuibeba. Vyovyote vile, hela uliyonayo usiimalizie kwenye mashine. Toa ya cheni ya akiba, tupa tatu za duara na moja bapa, oili zote mbili, kofia ngumu, buti. Kama baada ya kutoa hizo hela ya mashine haitoshi, subiri msimu mmoja zaidi.

Mmoja wa wale vijana wawili hakusubiri. Jumapili alikuja na mashine mpya, rangi bado inang'aa, na cheni imeshagonga jiwe kule Sangabuye. Nikamfungia bapa kwenye kisiki chini ya mwembe, nikampa tupa yenye mpini wa gunzi, nikamnolea meno matatu akitazama, kisha nikamwachia. Akawa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, anaruka jino; moja, mbili, tatu. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Kijana alipomaliza akamsogezea cheni magotini. Baba akapapasa, akapitisha ukucha jino baada ya jino, taratibu, hadi mwisho wa mzunguko.

"Rudia la nne," akamwambia.